Akiba ya Mtu Mdogo Isiishie Njiani

Katika jiji la Dar es Salaam, na hasa katika mitaa ya Kariakoo, imejengeka tabia ambayo inastahili kujadiliwa kwa makini, kwa sababu inagusa jasho la wananchi wengi wa kipato cha chini. Mtu mmoja anakuwa na akaunti katika benki mbili au tatu. Juu ya hizo ana laini tatu za simu, na kila laini ina fedha zake. Aidha, ni mwanachama wa kikoba, anacheza mchezo kwa kijumbe wa mtaani kwake, na pengine amenunua vipande katika mfuko wa uwekezaji. Kila mwezi huzungusha fedha zake: anatoa huku na kupeleka kule, ama kwa sababu amesikia kwamba kule riba imepanda, ama kwa sababu jirani yake wa Mtaa wa Congo amemnong'oneza kuwa benki fulani "inalipa vizuri".

Tabia hii si ya kuchekwa. Mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuweka shilingi yake ni mtu mwenye akili na mwenye mipango. Wahenga walisema akiba haiozi, na hapana taifa lililoendelea bila watu wake kujinyima leo kwa ajili ya kesho. Lakini ni wajibu wetu kuuliza swali moja la msingi: mzunguko huu wa fedha unamfaidi nani? Je, ni yule mama lishe wa Mtaa wa Mchikichi anayeweka shilingi elfu kumi kumi, au ni mwingine kabisa?

Makala haya yanashikilia kwamba kugawa fedha katika mahali pengi kwa ajili ya usalama na nidhamu ni jambo la busara. Kuzigawa na kuzihamisha kwa ajili ya kufukuza riba ni jambo linalomlipa mwenye nyingi, na linamla mwenye kidogo. Mwenye kidogo ana njia nyingine ya kupata riba ya maana, nayo ni kuunganisha kidogo chake na kidogo cha wenzake.

TULIKOTOKA

Ili tuelewe jambo hili, hatuna budi kutazama nyuma. Kabla ya mwaka 1967, mabenki yaliyokuwa yamejipanga katikati ya jiji hili yalikuwa ya kigeni, kama vile Standard Bank, Barclays, na National and Grindlays. Yalihudumia makampuni ya biashara ya nje, wenye mashamba makubwa na matajiri wa mjini. Mchukuzi wa mizigo wa bandarini hakuwa na shughuli nayo. Akiba yake, kama alikuwa nayo, ilikaa kibindoni, katika kibubu, au katika daftari la benki ya akiba ya posta.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki hayo yalitaifishwa, na shughuli zake zikaunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, mwananchi wa kawaida hakuwa na sababu ya kuchagua benki ya biashara, kwa maana ilikuwa moja. Benki hiyo ilifika wilayani, mahali ambapo benki za zamani hazikuwahi kukanyaga. Hilo ni jema lililofanyika, nalo lisisahauliwe.

Hata hivyo, ukweli una pande mbili. Katika miaka ya themanini bei za vitu zilipanda kwa kiasi cha asilimia thelathini kwa mwaka, na riba iliyolipwa kwa wenye akiba ilikuwa chini ya hapo. Mtu aliyeweka fedha za kununulia baiskeli, alipozitoa baada ya miaka michache, hakuweza kununua hata magurudumu yake. Huo ulikuwa mwizi asiyeonekana, na wazee wengi wa jiji hili wanaukumbuka.

Sheria ya Mabenki ya mwaka 1991 ilifungua mlango. Mabenki ya watu binafsi na ya kigeni yakaingia. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na Benki ya NMB ikazaliwa humo. CRDB, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1984, ilikuwa imekwisha kubinafsishwa mwaka 1996. Kisha mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na wakala wa fedha akajenga kibanda chake katika kila kona. Mwaka 2014 Vodacom na Commercial Bank of Africa walileta M-Pawa, ambapo mtu aliweza kuweka akiba yenye riba kwa kubonyeza simu. Mwaka huo huo kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia wateja wa huduma yake ya fedha sehemu ya faida iliyotokana na fedha zao zilizohifadhiwa benki. Hivyo ndivyo mtu wa Kariakoo alivyojikuta akiwa na mifuko mingi, na kila mfuko ukimwita.

HESABU YA RIBA

Sasa tufanye hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Kwanza ieleweke kwamba akaunti ya hundi, ile ambayo mfanyabiashara huitumia kulipia na kupokea malipo kila siku, kwa kawaida hailipi riba. Riba hupatikana katika akaunti ya akiba na katika amana ya muda maalum, yaani fedha zinazofungwa kwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili. Kwa mujibu wa taarifa za Benki Kuu za mwaka 2024, wastani wa riba ya akaunti ya akiba ulikuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Amana za muda maalum zilikuwa na wastani wa asilimia 7 hadi 8. Wateja wakubwa, wale wanaokaa na meneja wa benki na kupatana naye bei, walipata asilimia 9 na zaidi. Katika riba hiyo Serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 10.

Katika mwaka huo huo wa 2024 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.1. Kwa hiyo mwenye akaunti ya akiba, baada ya kukatwa kodi, alibaki na asilimia 2.7. Maana yake ni kwamba shilingi yake ilirudi nyuma hatua ndogo, hata kabla hajakatwa gharama ya mwezi ya kuendesha akaunti.

Tuchukulie sasa mfano wa mama lishe mwenye akiba ya Sh. 600,000/-, ambayo ameigawa sawasawa katika akaunti tatu. Anasikia kwamba kuna benki inayotoa asilimia 5 badala ya asilimia 3. Anahamisha Sh. 200,000/-. Faida ya nyongeza ni asilimia 2, yaani Sh. 4,000/- kwa mwaka mzima. Kodi ikikatwa, anabaki na Sh. 3,600/-. Zigawe kwa miezi kumi na miwili, utapata Sh. 300/- kwa mwezi. Nauli ya daladala ya njia fupi jijini ilipangwa Desemba 2023 kuwa Sh. 600/-. Basi mama huyu akipanda daladala kutoka Kariakoo kwenda Posta kufungua akaunti mpya na kurudi, ametumia Sh. 1,200/-, ambazo ni faida yake ya miezi minne. Hapo hatujahesabu saa alizosimama kwenye foleni wakati chungu chake hakiko jikoni, wala makato ya kuhamisha, wala makato ya kutoa.

Tumtazame upande wa pili mwenye duka la jumla ambaye ana Sh. 60,000,000/- zisizo na kazi kwa mwaka huo. Akizitoa katika akaunti ya asilimia 3 na kuzifunga katika amana ya asilimia 9, nyongeza yake ni Sh. 3,600,000/-. Kodi ikikatwa, anabaki na Sh. 3,240,000/-, yaani Sh. 270,000/- kila mwezi. Safari ni ile ile ya kwenda Posta, na foleni pengine hata haimhusu, kwa kuwa yeye huingizwa ofisini na kuketishwa kwenye kiti.

Watu wawili wamefanya kazi sawa, tena wa kwanza ametoka jasho zaidi. Mmoja amepata mia tatu, mwingine laki mbili na sabini elfu. Hakuna hila hapo wala dhuluma ya mtu mmoja; ni tabia ya riba yenyewe. Riba hufuata wingi wa fedha na urefu wa muda. Haifuati idadi ya akaunti wala wingi wa hangaiko. Mwenye kidogo akiiga mwendo wa mwenye nyingi hufanana na mtu anayekodi lori ili kusafirisha fungu moja la mchicha.

GHARAMA ZA NJIANI

Ni dhahiri basi kwamba kwa mtu mdogo swali la kwanza haliwi "riba ni ngapi?" bali "makato ni mangapi?" Somo hili tulilipata sote mwaka 2021. Tarehe 15 Julai mwaka huo, tozo ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa, wananchi walipiga kelele nchi nzima. Wengi walirudi kubeba fedha taslimu mfukoni na kuzituma kwa makondakta wa mabasi. Serikali ilisikia kilio hicho: Septemba ya mwaka ule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Watu walisukumwa na makato ya njiani kuliko walivyowahi kuvutwa na riba yoyote. Kwa akili yao ya kawaida walikuwa wamefanya hesabu sahihi.

Kuna gharama nyingine ambazo hazimo katika karatasi ya benki. Mabenki mengi hayalipi riba mpaka salio lifikie kiwango fulani. Kwa hiyo anayegawa kidogo chake mara tatu anaweza kujikuta yuko chini ya kiwango katika sehemu zote tatu, na riba yote ikawa sifuri. Mtu aliyefunga fedha kwa muda maalum akazihitaji kabla ya wakati, kwa ajili ya ugonjwa au ada ya mtoto, aghalabu hupoteza riba yote au sehemu kubwa yake. Na akaunti iliyosahauliwa hulala. Mwenyewe akifariki, wajane na watoto hawajui kwamba baba alikuwa na fedha mahali fulani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwenye mifuko mingi bila daftari ameanza kuipoteza angali hai.

SABABU ZILIZO HALALI

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba tunapendekeza kila mtu aweke yai lake na la mwenzake katika kapu moja. Zipo sababu tatu za haki za kuwa na mahali zaidi ya pamoja pa kuweka fedha.

Sababu ya kwanza ni usalama. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa siku moja, kwa kuwa mitaji yake ilikuwa imepungua kuliko sheria inavyoruhusu: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mwaka uliotangulia benki ya FBME ilikuwa imenyang'anywa leseni. Katika hali kama hiyo mwenye amana hutegemea Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule kiwango cha juu cha fidia kilikuwa Sh. 1,500,000/- kwa kila mteja katika kila benki, na aliyekuwa na zaidi ya hapo alilazimika kusubiri mali za benki ziuzwe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh. 7,500,000/-. Kwa hiyo mwenye Sh. 14,000,000/- anayeziweka nusu kwa nusu katika benki mbili amefanya jambo la maana. Lakini mwenye Sh. 600,000/- amekwisha kingwa zote katika benki moja. Kuzigawa hakumwongezei kinga yoyote.

Sababu ya pili ni nidhamu. Akina mama wengi wa Kariakoo hutenga fedha kwa kazi: za kodi ya nyumba huku, za ada kule, za mtaji mahali pengine, ili mkono usizifikie kwa urahisi. Huu ni utaratibu mzuri, nao hauhitaji riba kuuhalalisha. Ndiyo faida ya mchezo wa kijumbe pia. Katika mchezo hakuna riba hata senti moja; anayepokea wa kwanza amekopeshwa bure na wenzake, na anayepokea wa mwisho amewakopesha bure. Lakini kila mmoja amepata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ambazo peke yake asingezishika.

Sababu ya tatu ni imani. Katika mji wa pwani kama huu wako maelfu ambao dini yao inawakataza kula riba. Kwao hao, kufukuza riba hakupo kabisa. Tangu Benki ya Amana ilipofunguliwa mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, wamepata mahali pa kuweka fedha kwa kugawana faida halali ya biashara. Hesabu ya makato na ya usalama, hata hivyo, ni ile ile kwao kama kwa wengine.

Na lisisahauliwe jambo moja zaidi. Moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ulitukumbusha kwamba mali yote ya mtu haipaswi kulala mahali pamoja na biashara yake. Fedha iliyo benki kwa asilimia 3, au hata bila riba, ni bora kuliko fedha iliyo chini ya meza ya duka.

MBIO ZA SAKAFUNI

Hatari kubwa ya kufukuza riba ni mahali inapoishia. Mtu akizoea kuhama kutoka asilimia 3 kwenda 5, na kutoka 5 kwenda 8, siku moja atatokea mtu mwenye maneno matamu na kumwahidi mara mbili ya fedha zake kwa miezi michache. Jiji hili lilikwisha kuona. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, iliyokuwa ikiwaalika watu "kupanda mbegu" na kuahidi kwamba "watavuna" zaidi ya walichopanda. Misururu ilikuwa mirefu. Walimu, wafanyakazi wa ofisini, wastaafu na wachuuzi, wote walipanda. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata wakabaki na stakabadhi. Viongozi wake walifikishwa mahakamani, lakini hukumu hairudishi ada ya mtoto.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kipimo ni rahisi, na kila mtu anaweza kukitumia: muulize anayekuahidi riba, fedha hizo atazifanyia kazi gani hata zizae? Benki itakujibu kwamba inakopesha kwa asilimia 15. Serikali itakujibu kwamba inajenga na italipa kutokana na kodi. Kikoba kitakujibu kwamba mwenzako amekopa na atarejesha. Asiye na jibu, au mwenye jibu la kukuambia ulete watu wengine wawili, mkimbie.

NGUVU YA WENGI

Basi mwenye kidogo afanye nini? Jibu liko katika hesabu tuliyokwisha kuifanya. Kama riba hufuata wingi wa fedha, njia ya mwenye kidogo ni kuufanya wingi huo kwa kushirikiana.

Tuchukulie watu thelathini wa soko moja, kila mmoja akiweka Sh. 10,000/- kwa juma. Kwa juma moja wanapata Sh. 300,000/-. Kwa majuma hamsini wanapata Sh. 15,000,000/-. Mmoja wao akienda benki peke yake na Sh. 500,000/- zake, atapewa riba ya mtu mdogo. Thelathini hao wakienda pamoja, wataketishwa kwenye kile kiti cha mwenye duka la jumla. Wanaweza kupatana juu ya amana ya muda maalum. Wanaweza kununua vipande katika mifuko ya UTT, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005 na ina mfuko wa ukwasi kwa wale wasiopenda kufunga fedha muda mrefu. Ila wajue kwamba vipande si amana ya benki, bei yake inaweza kupanda na kushuka, na Bodi ya Bima ya Amana haihusiki navyo.

Hatifungani za Serikali nazo ziko wazi kwa mtu wa kawaida kuanzia Sh. 1,000,000/-. Aprili 2021 Serikali iliuza kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Walioinunua walikuwa wengi wao mabenki na mifuko ya pensheni, yaani fedha zile zile ambazo mwananchi ameweka kwa asilimia 3. Hili si kosa la benki. Ni ukumbusho kwamba aliyekuwa na milioni moja mkononi angeweza kwenda mwenyewe.

Na kuna njia iliyo karibu zaidi. Katika chama cha akiba na mikopo, na katika kikoba, riba anayolipa mkopaji hairuki kwenda kwa mwenye hisa wa mbali. Inarudi kwa wanachama wenyewe, akiwemo huyo huyo aliyekopa. Mama lishe anayehitaji mtaji wa sufuria na meza hapati faida kubwa kwa kulipwa riba kwenye akiba yake; anapata faida kubwa kwa kukopa nafuu na kuepuka yule mkopeshaji wa mtaani anayetoza kwa juma. Kwa mtu mdogo, riba anayookoa ni kubwa kuliko riba anayopokea.

Hatusemi kwamba vikundi havina dosari. Wako waweka hazina waliotoroka na kasha, na wako wenyeviti waliojikopesha wao na jamaa zao. Ndiyo maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya kijamii chini ya usimamizi, kila kimoja katika daraja lake. Kikundi kisajiliwe. Kasha liwe na kufuli tatu na funguo zishikwe na watu watatu wasio wa nyumba moja. Hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote kila mkutano. Fedha zisizokopwa zisilale ndani ya kasha, zipelekwe benki. Wakulima na wanaushirika wamepata pia Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025; ni juu ya wanaushirika wa mijini nao kudai nafasi yao humo.

WAJIBU WA MABENKI NA WA BENKI KUU

Tukiwaasa wananchi tu, tutakuwa tumesema nusu ya maneno. Mabenki nayo yana la kujibu. Mwaka 2024 yalikuwa yakimlipa mwenye akiba karibu asilimia 3, na kumtoza mkopaji karibu asilimia 15. Twajua kwamba benki ina mishahara, ina kodi, ina wakopaji wasiorejesha, na sehemu ya amana lazima ikae Benki Kuu. Lakini kati ya tatu na kumi na tano kuna nafasi pana, na mtu mdogo ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya nafasi hiyo imejengwa kwa mgongo wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila tawi la benki na kila kibanda cha wakala kibandike ubao unaosomeka, kwa Kiswahili, unaoonyesha riba halisi baada ya kodi na baada ya makato yote kwa mwenye Sh. 100,000/-, Sh. 500,000/- na Sh. 1,000,000/-. Mtu akiona kwamba laki yake itabaki laki kasoro, ataamua mwenyewe. La pili, akaunti za wenye akiba ndogo zisikatwe gharama za mwezi. Fedha inayolala isilipie kitanda. La tatu, Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 inaongoza soko kwa riba yake yenyewe, iliyoanza kwa asilimia 5.5 na kufikishwa asilimia 5.75 Julai 2025, itazame pia kama mabadiliko hayo yanamfikia mwenye akiba mdogo, au yanaishia kwa wanaokopa na kukopeshana kwa mabilioni.

HITIMISHO

Mwananchi wa Kariakoo na achukue kalamu na daftari. Aandike kila mahali alipoweka fedha, kiasi gani, riba gani na makato gani kwa mwaka. Mahali ambapo makato yanazidi riba, na hapana sababu ya usalama wala ya nidhamu, apafunge. Abaki na akaunti moja au mbili anazozijua, amwonyeshe daftari hilo mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, na nguvu aliyokuwa akiipoteza katika foleni aipeleke katika kikundi chenye hesabu safi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai ikiwa kila siku kinahamishwa na kumwagika njiani. Mwenye nyingi ataendelea kuzungusha, na hesabu itamlipa. Mwenye kidogo na akae na wenzake, wahesabu pamoja, na waiendee benki wakiwa wengi.